Shajara ya mradi: kusaka mwangwi ndani ya kebo ya redio, Lamu

Jumamosi, baada ya alasiri

Kazi yenyewe ni hii. Kikundi cha wenye boti kina redio ya VHF ya baharini katika ofisi yao ndogo, nyuma kidogo ya barabara ya ufukoni. Boti zikiwa mbele ya gati, sauti inasikika safi. Zikishapita kijiji cha Shela na kutoka nje ya mlango wa bahari, maneno yanaanza kukatika, na zikisogea zaidi hakuna kinachosikika ila mchakacho.

Redio ni ya wati 25, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa aina hii. Antena imesimama kwenye bomba juu ya dari ya mwisho, kama mita 16 kutoka usawa wa maji. Mawimbi ya VHF huenda karibu kama jicho linavyoona, yakipinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo boti yenye antena mita 4 juu ya maji inapaswa kusikilizana na kituo hiki hadi kilomita 25 hivi. Wavuvi wanasema hawafiki hata nusu yake.

Mafundi waliotangulia walibadilisha betri, wakabadilisha maikrofoni, mwishowe wakabadilisha redio nzima. Kila aliyekuja alichomeka nyuma ya redio mita ya mawimbi simama, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha wimbi kinarudi badala ya kwenda hewani (1 maana yake hakuna kinachorudi), akasoma 1.6, akasema antena ni nzima. Nami nimesoma 1.6 leo. Ni namba ambayo fundi yeyote angeikubali bila ubishi. Lakini kati ya redio na antena kuna takriban mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58, imepita juu ya boriti, ikatoboa ukuta wa mawe ya matumbawe, ikapanda nje juani hadi darini. Hiyo hakuna aliyeigusa.

Nahodha mmoja wa makamo, mtu wa Matondoni, alikaa nami ofisini mpaka magharibi. "Mwanangu," akaniambia, "mashine ikinizimia nje na kusi inavuma, sina wa kumwita ila nyinyi." Chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya wito na ya dharura. Nimekubali kazi, na nataka iishe kabla kusi haijaingia.

Jumapili

Nimeandika hesabu upya kwenye daftari kabla ya kupanda juu, maana kijana ninayefanya naye kazi anatakiwa aielewe, asiifuate tu kwa mazoea.

Kebo ya koaksia ina waya wa kati, plastiki inayouzunguka, kisha wavu wa shaba, kisha ganda la nje. Kila sentimita yake ina induktansi kidogo, yaani ukinzani dhidi ya mkondo kubadilika ghafla, na kati ya waya na wavu kuna kapasitansi kidogo, yaani uwezo wa kushika chaji. Gawanya induktansi ya mita moja kwa kapasitansi ya mita hiyohiyo, tafuta kipeuo cha pili, unapata omu. Hiyo ndiyo impidansi ya kebo: volti ngapi wimbi linabeba kwa kila ampea 1. Haibadiliki na urefu: mita 1 ya RG-58 ni omu 50, na mita 100 ni omu 50. Multimita haiwezi kuipima, kwa sababu multimita inasubiri kila kitu kitulie ndipo isome, na impidansi hii ni jambo la wimbi likiwa bado safarini. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu, ndiye aliyeziandika hesabu hizi za nyaya ndefu miaka ya 1880, na ndiye aliyelileta neno impidansi mwaka 1886.

Jambo lililomkwamisha kijana ni hili: wimbi linapotoka kwenye redio, halijui mbele kuna nini. Linajua kebo tu. Kebo ya omu 50 inalilazimisha libebe ampea 1 kwa kila volti 50. Likifika mwisho na kukuta antena inayodai ampea 1 kwa kila volti 50, linaingia lote. Likikuta antena inayodai uwiano mwingine, hesabu ya volti na ampea haifungi pale kwenye kiungo, na haiwezi kuachwa wazi. Kinachoifunga ni wimbi la pili, linalozaliwa palepale na kurudi lilikotoka. Nilimwambia achukue kamba nyembamba iliyoungwa na amari ya nanga, aitikise: mtikisiko ukifika kwenye fundo, sehemu inaendelea ndani ya amari na sehemu inamrudia mkononi. Aliielewa hapohapo.

Kiasi kinachorudi kina kanuni fupi. Chukua impidansi ya mzigo, toa ya kebo. Kilichobaki kigawanye kwa jumla ya zote mbili. Mzigo wa omu 75 kwenye kebo ya omu 50: 25 gawanya kwa 125, sawa na 0.2. Yaani asilimia 20 ya volti inarudi, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, ni asilimia 4 tu ya wati. Kebo iliyokatika, isiyo na mzigo, inarudisha volti zote zikiwa wima. Kebo iliyogusana waya na wavu inarudisha zote zikiwa zimepinduliwa. Mzigo wa omu 50 haurudishi kitu.

Wimbi linalokwenda na linalorudi hupandana ndani ya kebo. Mahali pengine hujumlishana, mahali pengine hupunguzana, na sehemu hizo hazisogei. Ndiyo maana yanaitwa mawimbi simama. Mita inatoa uwiano wa kilele kwa bonde. Uwiano wa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Uwiano wa 2, kinachorudi ni asilimia 11 ya nguvu. Uwiano wa 3, asilimia 25. Hiyo 1.6 ya ofisini, kwa maneno yake yenyewe, inasema ni asilimia 5 hivi tu inayorudi.

Jumatatu, maji yamejaa, jua kali

Leo ndiyo siku iliyogeuza mradi mzima.

Nilipanda darini, nikafungua kichwa cha kebo, nikaitenga antena kabisa. Mwisho wa kebo ukabaki wazi hewani. Kijana alikuwa chini kwenye redio, kwa nguvu ya chini ya wati 1 na kwa muda mfupi sana, maana kutangaza bila antena kwa nguvu kamili ni kuitesa redio. Kwa kanuni ya jana, kila kitu kilipaswa kurudi na mshale wa mita ukimbilie mwisho. Akaniita kutoka chini: "Mwalimu, 1.7!"

Antena haipo, na mita inasema 1.7. Ilipokuwapo ilisema 1.6.

Sababu ni upotevu. RG-58 kwa masafa haya hupoteza takriban desibeli 20 kwa mita 100, kwa hiyo mita 30 ni desibeli 6. Kila desibeli 3 ni kukata nusu. Desibeli 6 ni kubaki na robo. Wati 25 zinatoka kwenye redio, wati 6 na kidogo zinafika juu. Zikikuta antena haipo zinarudi zote, lakini njiani zinapoteza desibeli 6 nyingine. Mita iliyo chini inaona mwangwi uliopungua desibeli 12, yaani robo ya volti zilizotumwa. Robo hiyo ukiigeuza kuwa uwiano unapata 1.67. Ndiyo namba tuliyoisoma.

Basi kebo mbaya inaipamba antena mbaya. Kadiri kebo inavyokula nguvu nyingi, ndivyo mita inavyozidi kumsifia fundi. Ningekuwa na la kuwaomba wote wanaofunga redio za boti pwani hii, ni hilo moja: namba nzuri nyuma ya redio haisemi lolote kuhusu antena mpaka ujue kebo inapoteza kiasi gani. Itenge antena uone mita inasogea wapi. Isiposogea, hujapima antena, umepima kebo.

Nimefunga kazi mapema. Mita ya mawimbi simama haitatusaidia zaidi, kwa sababu inajumlisha miangwi yote kuwa namba moja. Nataka chombo kinachoniambia kila mwangwi umetoka mita ngapi.

Jumatano usiku

Chombo kimekamilika, nacho ni kidogo kuliko kiberiti cha meza. Chipu moja ya 74AC14 yenye mageti sita, yaani swichi ndogo za kielektroniki: moja limefungwa kama kitetemeshi kinachojiwasha na kujizima, mengine yamewekwa sambamba, kila moja na rezista yake, hadi jumla ya upande wa kutolea ikawa karibu omu 50. Kinatoa mruko wa volti 5, yaani kupanda kwa ghafla, unaopanda kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu. Mruko unaingia kwenye kebo kupitia kiungo cha njia tatu, na oskiloskopu ya megahezi 100, chombo kinachochora volti kwa muda kwenye skrini, inatazama palepale unapoingia.

Kwa sababu chombo kina omu 50 na kebo ina omu 50, volti 5 zinagawanyika sawasawa: kebo inapata 2.5. Kuanzia hapo skrini ni ramani. Mstari ukibaki kwenye 2.5, mbele ni omu 50. Ukipanda, impidansi imepanda, ukishuka, imeshuka. Ncha wazi inaupeleka hadi 5, na ncha iliyogusana inaushusha hadi sifuri.

Muda unageuzwa kuwa urefu. Plastiki ya RG-58 ni poliethilini ngumu, na mwendo wa wimbi ndani yake ni theluthi mbili ya mwendo wa mwanga, yaani sentimita 20 kwa nanosekunde. Kwenda na kurudi, kila mita ni nanosekunde 10. Sikutaka kuamini kitabu tu, nikakata mita 10 za kebo ileile, nikaiacha ncha wazi. Mruko wa pili ukatokea kwenye nanosekunde 101. Inatosha. Oskiloskopu ya megahezi 100 yenyewe inapanda kwa nanosekunde 3.5, kwa hiyo vitu viwili vilivyokaribiana chini ya sentimita 35 vitaonekana kama kimoja. Kwa nyumba ya ghorofa Lamu, ubainifu huo ni mwingi mno.

Nilijaribu pia kwa rezista mbili za omu 100 sambamba kwenye ncha. Mstari ukalala, kama kebo haina mwisho. Ndiyo kazi ya rezista za omu 120 zinazofungwa kila ncha ya NMEA 2000, mtandao wa kuunganisha vifaa vya kielektroniki kwenye boti za kisasa: ujumbe ukifika mwisho ufe pale, usirudi kuvuruga ujumbe unaofuata. Wapo wanaozing'oa wakidhani ni mapambo.

Alhamisi

Tulichomeka chombo mahali pa redio, antena ikiwa imetengwa juu. Nanakili nilivyoona.

Mstari unaanza 2.5 na kukaa hapo. Kwenye nanosekunde 121 unapanda hadi karibu 3.0. Unabaki juu kwa nanosekunde 40, kisha unarudi karibu na 2.5. Unatembea tambarare tena. Karibu na nanosekunde 300, mahali ambapo ungepaswa kuruka juu kwa sababu ncha iko wazi, kwanza unazama hadi 2.2 kwa muda mfupi, ndipo unapanda.

Hakuna aliyetarajia kile kilima cha katikati. Nanosekunde 121 ni mita 12 kutoka redioni. Ukihesabu hatua ukifuata kebo, ni mahali inapopita juu ya boriti za chumba cha ndani, penye dari ya mbao. Na 3.0 kutoka 2.5 ni ongezeko la moja kwa tano: 0.2. Namba ya Jumapili hiyo. Kitu cha omu 75.

Nilimchorea kijana ngazi ya mwangwi, mstari mmoja wa mahali na mwingine wa muda. Mruko wa 2.5 unaingia kwenye omu 75 ukawa 3.0. Ukifika mwisho wa kipande hicho unarudi kwenye omu 50, na safari hii mwangwi ni hasi: 0.6 zinarudi zikiwa zimepinduliwa. Zinapotoka kwenye kipande kurudi kwetu, 0.48 ndizo zinazopita, na 3.0 ukitoa 0.48 ni 2.52. Kile kinachobaki ndani ya kipande kinaendelea kugongagonga, kikipungua kila mara, hadi mstari unakaa kwenye 2.5 kabisa. Alikaa na penseli mpaka akaifikisha namba ya nne mwenyewe. Ninaamini huyu atakuwa fundi wa kweli.

Ijumaa, baada ya sala

Tulifungua ubao wa dari. Ipo: kebo nyeupe ya televisheni, mita 5 hivi, imeungwa kwenye RG-58 kila upande kwa kusokota waya na kufunika kwa tepu nyeusi. Aliyeifunga huenda kebo ilimpungukia na hicho ndicho kilichokuwapo dukani siku hiyo. Plastiki yake ni ya povu, wimbi linakimbia zaidi ndani yake, ndiyo maana mita 5 zilichukua nanosekunde 40 na si 50.

Mwenyekiti wa kikundi aliuliza swali zuri: kwa nini dunia iwe na kebo za namna mbili? Jibu liko kwenye vipimo vya waya na wavu. Katika kebo yenye hewa ndani, upotevu unakuwa mdogo zaidi ikiwa na omu 77 hivi, na uwezo wa kubeba nguvu nyingi ni karibu na omu 30. Kazi za kampuni ya simu ya AT&T na maabara zake za Bell huko Marekani, ambako Lloyd Espenschied na Herman Affel waliomba hataza ya kebo ya koaksia mwaka 1929, zilifungua njia ya hesabu hizo. Wanaopokea tu, kama televisheni, wakachagua 75 kwa ajili ya upotevu mdogo. Wanaotangaza na kupokea wakakaa katikati, 50.

Ila nataka hapa niandike kwa haki. Kile kipande cha televisheni si mwizi mkuu. Kwa masafa mamoja, kipande cha omu 75 hutegemea urefu wake. Kikiwa na urefu wa nusu wimbi au marudio yake, miangwi ya ncha zake mbili inafutana na redio haikioni kabisa. Kwenye kebo hii nusu wimbi ni kama sentimita 79. Kikizidi kwa robo wimbi, omu 50 za upande wa pili zinaonekana kama 112.5, na nguvu inayorudi ni asilimia 15 hivi. Hiyo ndiyo hali mbaya zaidi, na ni chini ya desibeli 1.  Lakini iliyotunyang'anya robo tatu ya nguvu ni RG-58 yenyewe, kwa wembamba wake na urefu wake.

Na maji. Lile bonde la 2.2 kule mwisho nililihesabu: karibu omu 40. Tulikata sentimita 60 za mwisho darini, tukazipasua kwa kisu. Wavu umekuwa wa kijani kibichi, na kichwa cha kebo kilitoa tone la maji ya chumvi. Plastiki ya kebo ina kipimo cha dielektriki, kinachoonyesha inavyoongeza kapasitansi, cha 2.25, maji yana karibu 80. Maji yakijaza nafasi yote kati ya waya na wavu, impidansi ingeshuka mara sita, hadi omu 8 hivi. Hapa yameingia kidogo tu, yakifuata nyuzi za wavu kwenda chini, lakini chumvi inapitisha umeme, na multimita ilionyesha kilo-omu chache mahali pasipotakiwa kupita chochote. Kichwa kilifungwa kwa tepu ya umeme ya kawaida. Tepu hiyo kwenye jua la Lamu haimalizi hata msimu mmoja ikiwa na gundi.

Jumanne ya juma la pili

Kebo mpya imefika: RG-213, kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe upande wa bara, kisha boti hadi gatini, kisha punda. Ni nene kama kidole, milimita 10 na kidogo, na upotevu wake ni desibeli 9 hivi kwa mita 100. Niliomba isikunjwe mizunguko midogo, na aliyeipakia ameheshimu ombi. Impidansi ya koaksia inatokana na uwiano wa kipenyo cha wavu kwa kipenyo cha waya wa kati. Ikivunjwa kona kali, plastiki inabanwa, waya unahama katikati, na mahali pale pameshakuwa kebo nyingine.

Tumebadilisha njia pia. Badala ya kuzunguka vyumba, inatoka dirishani na kupanda moja kwa moja kwenye kiambaza cha uani. Mita 24, bila kiungo hata kimoja.

Alhamisi

Vichwa vyote viwili vimelehemiwa, waya wa kati na wavu wote, si kubanwa tu. Cha darini kimevalishwa kwanza tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, ikivutwa hadi ikae bila hewa ndani, kisha tepu ya kawaida juu yake kuikinga na jua. Chini ya antena kebo imepewa kitanzi kinachoning'inia, maji ya mvua yadondokee hapo kabla ya kufikia ukuta.

Kabla ya kuunga antena nilifunga mzigo wa omu 50 juu, na chombo chini. Mstari umelala 2.5 kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kinundu kidogo kwenye nanosekunde 242, palipo na kichwa. Vichwa vya PL-259, aina tuliyoitumia, havina omu 50 kamili ndani yake. Kwa megahezi 156.8 ni kifupi mno kuleta madhara, na kwa kuwa antena ilikuja na tundu la aina hiyo, nimekiacha.

Kisha antena, kisha redio. Mita: 1.3 kwenye chaneli 16.

Na sasa jaribio lilelile la Jumatatu. Nikaitenga antena. Mshale ukaruka kupita 4. Hesabu ya desibeli 2.1 kwenda na 2.1 kurudi inasema 4.2. Kijana alifurahi kuliko alipoona 1.3, na ana haki, kwa sababu sasa mita ya chini inaona darini. Na kwa kuwa upotevu tunaujua, tunaweza kuusahihisha usomaji: 1.3 chini ni kama 1.5 kwenye antena yenyewe, kwa hiyo chini ya asilimia 5 inarudi pale. Wati 25 zinaingia, zaidi ya 15 zinafika, na 14 na zaidi zinakwenda hewani. Kabla ya hapo zilikuwa 6 kwa hesabu ya kebo kavu, na kebo haikuwa kavu. Upande wa kupokea umepata desibeli zilezile, jambo ambalo watu husahau: sauti dhaifu ya boti iliyo mbali nayo ilikuwa inaliwa kwenye kebo hiyohiyo ikishuka.

Jumamosi

Nahodha wa Matondoni alitoka na maji ya asubuhi. Tulikubaliana aite kwenye chaneli ya kazi, si 16, kila akimaliza nusu saa. Nilikaa na daftari na saa. Alipopita Shela, safi. Nje ya mlango, safi. Alipofika mahali ambapo zamani walikuwa wanakata tamaa, alisema kwa utulivu kabisa, "Nawapata kama mko ndani ya boti." Aliendelea hadi karibu kilomita 20 kwa kipimo chake cha GPS, ndipo mchakacho ukaanza kuingia chini ya sauti. Zaidi ya hapo ni upeo wa macho unaozuia, na dawa yake ni kuinua nguzo.

Picha ya mstari wa oskiloskopu nimeichapisha na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la redio, pamoja na tarehe, urefu wa kebo na namba mbili za mita: antena ikiwapo na antena ikiwa imetengwa. Fundi atakayekuja baada yetu achukue mstari mpya aulinganishe. Bonde likianza kuota kwenye nanosekunde 242, maji yameingia kichwani, na atakuwa amejua kabla wavuvi hawajapotea.

Kinachofuata ni boti zenyewe. Nimechungulia tatu zilizofungwa gatini: kebo ni fupi, mita 5 au 6, kwa hiyo upotevu si tatizo, na mita pale itasema kweli. Lakini vichwa viko wazi kwenye chumvi, na boti moja ina kebo ya televisheni mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti amekubali kikundi kinunue vichwa na tepu ya mpira kwa pamoja. Tutaanza Matondoni Jumatano, boti zikiwa zimepwelewa, na kijana ndiye atakayeshika chombo.